Njia ya Jahazi na Homa ya Ubongo

Katika kisiwa cha Mombasa, upande wa kusini unaokabili Likoni, iko barabara iendayo kando ya bahari iitwayo Mama Ngina, kwa jina la mke wa Rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka 2019 mahali hapo palitengenezwa kuwa bustani kubwa ya wananchi, lakini desturi ya kwenda kupunga upepo hapo ni ya zamani kuliko bustani yenyewe. Alasiri, jua lipunguapo ukali, watu wa Mji wa Kale na wa mitaa mingine ya kisiwa huja kukaa chini ya mibuyu mikubwa, wakala mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, wakanywa madafu, na kutazama meli zinazoingia katika mlango wa Kilindini. Meli hizo hupita karibu hata mtu aliyekaa ukingoni aweza kusoma majina yake ubavuni.

Si rahisi kufikiri habari za maradhi mahali pazuri kama hapo. Hata hivyo, msomaji, kwa mtu aliyejifunza historia yako mambo matatu mbele ya macho yake ambayo yakiunganishwa huwa hadithi moja ya maradhi na safari. La kwanza ni meli ipitayo. La pili ni kunguru anayerukaruka chini akiokota makombo. La tatu ni kifuu kilichotupwa nyasini baada ya maji yake kunywewa. Meli, kunguru na kifuu: kila kimoja kina sehemu yake katika habari ya virusi vinavyosafiri kutoka nchi hata nchi, na ambavyo, mara chache lakini kwa madhara makubwa, huingia katika ubongo wa binadamu na kuuvimbisha.

Kwanza yatupasa kujua adui ni nani. Kirusi ni kitu kidogo mno, hata darubini ya kawaida itumikayo shuleni haiwezi kukionyesha. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaa peke yake. Hakina budi kuingia ndani ya chembe hai ya mwili na kuitumikisha, mpaka chembe hiyo itengeneze virusi vingine mamia kwa maelfu. Virusi vingi viingiavyo mwilini hushindwa na walinzi wa damu kabla ya kufika kichwani, kwa kuwa mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizobana sana kupita za viungo vingine. Lakini viko vinavyopenya. Vingine huchukuliwa na damu. Kingine, kama kile cha kichaa cha mbwa, hupanda polepole katika mishipa ya fahamu tangu mahali pa jeraha hata kikafika ubongoni.

Kirusi kikishaingia, chembe za ubongo huharibika, na walinzi wa mwili wanaokimbilia hapo kupigana huleta uvimbe. Mguu ukivimba una nafasi ya kutanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu la mfupa, hauna pa kwenda. Ndipo mgonjwa ashikwapo na homa kali na maumivu makubwa ya kichwa, akatapika, akapotewa na akili, akatupwa na degedege au akazimia. Watu huita hali hiyo homa ya ubongo. Wako wanaopona kabisa, wako wanaokufa, na wako wanaopona na kubaki na kifafa, ukiwi au uzito wa akili maisha yao yote. Surua na matumbwitumbwi, maradhi yapitayo kwa pumzi na mate, huweza kufanya hivyo. Lakini insha hii yataka kufuata virusi vichukuliwavyo na mbu, kwa maana hivyo ndivyo vilivyoandika sehemu ya historia ya pwani yetu.

Tuanze na meli, au tuseme jahazi, kwa kuwa jahazi ilitangulia. Mwaka 1869 na 1870 Unguja ilipatwa na kipindupindu kilichoua watu wengi. Watu walikuwa hawajamaliza kufuta machozi, mwaka huo huo wa 1870, yalipowajia maradhi mengine. Haya hayakuua kama kipindupindu, ila yaliangusha nyumba nzima nzima. Mtu alishikwa ghafula na homa, viungo vikamwuma hata asiweze kusimama wala kushika kitu, na ngozi yake ikatoka vipele. Homa ikiisha, maumivu ya viungo yaliweza kukaa naye kwa majuma mengi. Wakati huo alikuwako Unguja daktari mmoja Mskoti, James Christie. Aliwauliza wenyeji wanayaitaje maradhi hayo, wakamwambia ni kidinga pepo. Wazee wakamweleza tena kwamba hayakuwa mageni: yalikwisha kuja siku za nyuma, yapata mwaka 1823. Mwaka 1872 Christie alichapisha habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza, na jina lile la Kiswahili likasomwa na watu ambao hawajapata kuiona Unguja.

Jina hilo lastahili kutazamwa. Pepo ni kiumbe asiyeonekana, ampandaye mtu na kumpindua viungo. Wahenga wetu hawakuwa na darubini, lakini waliona sawasawa jambo moja: kwamba mwenye kuleta mateso haya haonekani kwa macho, na kwamba hupita nyumba hata nyumba. Baadhi ya wataalamu wa lugha hudhani kuwa jina la homa ya dengi, lijulikanalo leo duniani kote, lina asili yake katika neno hilo la pwani. Sisi wenyewe tumelihifadhi kwa kuiita homa hiyo kidingapopo.

Kutoka Unguja maradhi hayo yalipanda kaskazini hata Adeni, na katika mwaka 1871 na 1872 yakaenea Bara Hindi. Yalifuata njia ile ile ya biashara iliyochukua pembe, karafuu, nguo na mchele. Lakini yalisafiri namna gani? Mtu mwenye kirusi cha namna hii hukaa nacho katika damu yake kwa muda wa siku chache tu, pengine juma moja. Safari ya jahazi kwa upepo wa kusi ilichukua majuma kadhaa. Ingekuwa maradhi yategemea mtu peke yake, yangekwisha baharini. Siri ilikuwa katika mapipa ya maji ya kunywa. Mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, hupenda kutaga mayai katika maji safi yaliyotuama, na pipa la jahazi lilimfaa kama nyumba. Mbu huyo alimwuma baharia mgonjwa, akakaa siku chache kirusi kikiongezeka mwilini mwake, kisha akamwuma baharia mwingine. Wa kwanza alipopona, wa pili alikuwa ameugua. Na wa pili alipopona, wa tatu alikuwa tayari. Hivyo jahazi ikatia nanga bandarini ikiwa na shehena ambayo haikuandikwa katika hati yoyote ya nahodha.

Kwa muda wa miaka mingi madaktari waliandika kwamba maradhi ya 1870 yalikuwa dengi. Kisha jambo likatokea Tanganyika lililowafanya wafikiri upya. Mwaka 1952 na 1953, katika wilaya ya Newala juu ya uwanda wa Wamakonde, watu wa vijiji vingi walishikwa na homa pamoja na maumivu makali ya viungo. Uwanda ule ni mkavu. Watu walikuwa wakiteremka mbali kuteka maji, na maji yaliyopatikana kwa taabu kama hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa ndani ya nyumba katika vyungu na mitungi. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, walioandika habari za maradhi hayo, walitaja jina lililotumiwa na wenyeji: chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa sababu mgonjwa hutembea amepinda mgongo. Damu ya wagonjwa ilichunguzwa Entebbe, Uganda, katika chuo cha utafiti wa virusi kilichoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano. Huko kilipatikana kirusi ambacho hakikuwa kile cha dengi. Baadaye, mwaka 1971, mtaalamu Donald Carey alisoma tena maandiko ya zamani, akatoa hoja kwamba kidinga pepo cha Unguja huenda kilikuwa ni chikungunya hii hii, kwa kuwa maumivu ya viungo yaliyodumu ni alama yake kubwa.

Sasa tuvuke miaka hata mwaka 2004. Mvua zilikuwa zimepungua pwani ya Kenya, na katika mji wa Lamu watu waliweka maji majumbani kwa hadhari. Katikati ya mwaka ule chikungunya ikazuka. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa karibu watu 75 katika kila 100 walikuwa wamepatwa. Yaani watu wapatao 13,500 katika mji wenye watu 18,000. Hapa pana funzo lisilotazamiwa. Watu wengi hudhani maradhi ya mbu huja na mvua, na kwa malaria mara nyingi ni kweli. Lakini mbu huyu wa nyumbani aweza kustawi wakati wa ukame, kwa kuwa ukame ndio umfanyao binadamu ajaze mapipa. Wazee wa Lamu waliojenga mabirika ndani ya nyumba za mawe walijua jambo hili kwa njia yao: walitia samaki wadogo katika birika wale viluwiluwi. Hapakuwa na kitabu kilichowafundisha hivyo, ila macho yao na subira yao.

Mwisho wa mwaka huo huo maradhi yalikuwa yamefika Mombasa. Mwaka 2005 yaliingia visiwa vya Komoro, ambako katika Ngazija zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Kutoka hapo yakaenda Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, na mwanzo wa mwaka 2006 yakawaka kama moto katika nyasi kavu. Mpaka yalipotulia, watu wapatao 266,000 walikuwa wameugua, kiasi cha thuluthi moja ya wakazi wote. Mwaka 2006 yalizuka Bara Hindi na kupata zaidi ya watu milioni moja. Tazama ramani, msomaji, kisha uilinganishe na ile ya 1870. Kuanzia visiwa vya Waswahili hata Bara Hindi, bahari ni ile ile, ingawa safari hii waliochukua kirusi walipanda ndege zaidi ya majahazi. Njia iliyochukua miezi mingi sasa huchukua saa chache, na mtu aweza kuondoka kwao mzima, akashuka nchi ya mbali jioni, na homa ikamwanza kesho yake.

Katika kisiwa cha Réunion ndipo dunia ilipojifunza kwamba maradhi haya ya viungo yaweza pia kupanda kichwani. Madaktari waliohesabu kwa uangalifu waliona wagonjwa 24 waliovimba ubongo kwa hakika. Hesabu hiyo ni ndogo ukiilinganisha na wagonjwa 266,000. Ni kama punje chache katika gunia. Lakini waliopatwa zaidi walikuwa wale wasio na nguvu, yaani watoto wachanga na wazee. Iligunduliwa pia kuwa mama akijifungua wakati kirusi kimejaa katika damu yake, karibu nusu ya watoto wazaliwao hivyo huambukizwa, na baadhi yao huumia ubongo. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Huko Kilifi, kaskazini ya Mombasa, wachunguzi wamekipata kirusi cha chikungunya katika watoto waliolazwa hospitali kwa maradhi ya ubongo. Jambo lililodhaniwa kuwa la visiwa vya mbali lilikuwako nyumbani.

Hiyo ndiyo habari ya meli. Sasa tumtazame kunguru. Kunguru wa Mama Ngina, mwenye shingo ya kijivu na sauti ya kukera, si mwenyeji wa asili wa pwani hii. Jamaa zake waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, na husemekana walitakiwa wasaidie kula takataka za mji. Baada ya miaka kama hamsini wakawa wamefika Mombasa, na leo hakuna jalala lisilo nao. Sina shitaka la homa ya ubongo juu ya kunguru huyu. Nimemtaja kwa sababu ndugu yake wa mbali, kunguru wa Marekani, alipata kuwa shahidi katika kesi kubwa iliyoanzia Uganda.

Mwezi wa Desemba mwaka 1937, wachunguzi wa homa ya manjano kutoka Entebbe walichukua damu ya mwanamke mmoja wa Omogo, katika wilaya ya West Nile, aliyekuwa na homa. Damu hiyo ilipotiwa katika panya wa maabara, panya waliugua maradhi ya ubongo. Mwaka 1940 Kenneth Smithburn na wenzake walitangaza kwamba wamepata kirusi kipya kipendacho mishipa ya fahamu, wakakiita kwa jina la wilaya ile. Makao yake ya kweli ni ndege. Mbu aina ya Culex, aumaye usiku, hukitoa kwa ndege mmoja na kukipeleka kwa mwingine. Binadamu na farasi huumwa kwa bahati mbaya tu, na kirusi hakiongezeki katika damu yao kiasi cha kumwambukiza mbu mwingine. Katika watu 100 wanaoambukizwa, karibu 80 hawajui hata kama wameambukizwa. Mmoja katika 150 hivi ndiye apatwaye na ubongo au ngozi zake. Kwa miaka mingi, basi, kirusi hiki kilidhaniwa kuwa jambo dogo la Afrika na nchi za jirani.

Mwezi wa Agosti mwaka 1999, katika mji wa New York, daktari Deborah Asnis aliona wagonjwa wazee walioshikwa na homa, wakachanganyikiwa na kulegea viungo. Akatoa taarifa serikalini. Kwanza ilidhaniwa ni homa nyingine ya ubongo ijulikanayo Marekani. Wakati huo huo kunguru walikuwa wakianguka na kufa mijini, na katika bustani ya wanyama ya Bronx, Tracey McNamara, mchunguzi wa maradhi ya wanyama, aliona bongo za ndege waliokufa zimevimba. Akauliza swali jepesi lenye maana: ikiwa maradhi haya ni yale mnayoyasema, ambayo hayaui ndege, mbona ndege wangu wanakufa? Swali hilo ndilo lililofungua mlango. Ilionekana kuwa watu na ndege waliuawa na kirusi kimoja, kile cha Omogo. Mwaka ule watu 62 waliugua vibaya na 7 wakafa. Katika miaka michache kirusi kikavuka bara zima hata bahari ya Pasifiki, na tangu hapo kimeua zaidi ya watu 2,000 katika nchi yenye hospitali nyingi na mali nyingi.

Yako mambo mawili ya kujifunza katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba daktari wa watu na daktari wa wanyama wakikaa vyumba mbalimbali bila kusemezana, kila mmoja hushika nusu ya ukweli. Kenya ilikwisha kulijua jambo hili mapema. Mwaka 1930, karibu na ziwa Naivasha, kondoo walikufa na mimba zikaharibika, na wachunguzi wa Kabete wakagundua kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, kinachowapata pia wachungaji na wachinjaji, na katika watu wachache huvimbisha ubongo. La pili ni kwamba jina la maradhi lisifanywe hati ya hatia. Watu wa West Nile hawakumpelekea mtu maradhi. Walichofanya ni kukubali damu yao ichukuliwe, na elimu ikapatikana kwayo. Vivyo hivyo Wamakonde wa Newala. Kila tauni inapoingia mji, wako watu wepesi wa kuuliza ni mgeni gani aliyeileta. Mtu wa pwani, ambaye babu zake waliishi kwa kupokea wageni, asiwe wa kwanza kuuliza hivyo. Afadhali aulize maji yametuama wapi.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kifuu. Kifuu cha nazi kilichotupwa kifudifudi hakina neno. Kikikaa chali, mvua moja yatosha kukijaza, na baada ya siku kama nane au kumi mbu wazima huruka kutoka humo. Hali kadhalika gurudumu bovu nyuma ya gereji, kopo kando ya njia, na pipa lisilo na kifuniko katika ua wa Mji wa Kale. Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na maji yasiyonyweka. Maji ya Mzima yaliletwa kwa bomba mwaka 1957 kutoka mbali bara, lakini watu wameongezeka kupita bomba, na mfereji ukikauka kila mama mwenye busara hujaza vyombo vyake. Hatuwezi kumlaumu kwa kuweka akiba. Twaweza kumwomba afunike. Mwezi wa Desemba mwaka 1997 hata 1998 mafuriko yalileta homa ya Bonde la Ufa kaskazini. Desemba ya mwaka 2017 hata mwanzo wa Februari 2018, chikungunya ilirudi Mombasa, na wagonjwa 453 wakaandikwa, 32 kati yao wakithibitishwa kwa uchunguzi wa maabara. Mbu aliyefanya kazi hiyo hakutoka msituni. Alizaliwa uani.

Mbu huyu wa mistari huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya jua kuchwa, kwa hiyo chandarua cha usiku, ambacho ni ngao njema juu ya malaria, hakitoshi kwake. Dawa yake kubwa ni kazi ya mikono: kumwaga maji yaliyotuama, kusugua kuta za mtungi na pipa kila juma kwa kuwa mayai hushika pembeni na kuvumilia ukavu kwa miezi mingi, kufunika vyombo kwa kitambaa au kifuniko kinachobana, na kuzika au kugeuza vifuu. Kazi hiyo ni nyepesi hata mtoto aweza kuifanya, lakini haifai kitu ikifanywa na nyumba moja na kuachwa na jirani. Mbu hajui mpaka wa ua.

Limebaki neno moja zito kuliko yote. Pwani yetu mtoto akishikwa na homa, macho yakageuka na mwili ukatetemeka, husemwa ana degedege, na tangu zamani wako wanaoamini kuwa amepitiwa na ndege au shetani wa usiku. Huambiwa tena kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Kwa hiyo hufukizwa, hupakwa dawa, na saa hupita. Simcheki mzazi afanyaye hivyo, kwa kuwa anafanya kwa mapenzi, na wahenga walioita maradhi pepo walikuwa wameona ukweli wa nusu. Lakini sisi tulio hai leo tumepewa nusu ya pili. Degedege yaweza kuwa ya malaria, yaweza kuwa ya homa ya kawaida, na yaweza kuwa alama kwamba ubongo umeanza kuvimba. Mzazi kwa macho yake hawezi kuzitenga, wala mganga hawezi. Zatengwa hospitali kwa kupima damu na maji ya uti wa mgongo. Virusi vingi tulivyovitaja havina dawa ya kuviua, ni kweli. Lakini kuzuia degedege isirudie, kumpa mtoto hewa, maji na chakula, na kutibu malaria ikiwa ndiyo, huokoa wengi. Aliyeumwa na mbwa naye aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, kisha aende kuchanjwa siku hiyo hiyo, kwa maana kichaa cha mbwa kikishafika ubongoni karibu hapana aponaye. Katika habari za ubongo saa moja ni mali, na mali hiyo ikipotea hainunuliwi.

Jua likizama nyuma ya Likoni, taa za meli huwashwa, na watu wa Mama Ngina huanza kukunja mikeka yao. Meli itaingia, kwa sababu mji huu uliumbwa na meli nao hauwezi kuishi bila hizo. Kunguru watalala mitini. Muuza madafu atahesabu fedha zake. Kati ya mambo matatu tuliyoanza nayo, mawili hayamo katika uwezo wetu: hatuwezi kuzuia bahari isilete, wala ndege wasiruke. La tatu limo mikononi mwetu. Msomaji, kabla hujaondoka, tazama chini penye miguu yako, na kifuu ukikiona kimekaa chali, kigeuze.